Nilicheka kwa Sababu Ulicheka

Maitu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe hata hujafika mbali. Uko Nakuru mjini unasukwa, na saa hii labda umeinamisha kichwa na yule dada wa saluni anakuvuta nywele mpaka macho yanalengwa na machozi. Lakini hofu imetangulia. Kwa hivyo nimeacha kuchagua mbegu za viazi, nimefuta meza ya jikoni na kukaa.

Mambo ya sweta, ya kuweka pasipoti karibu na mwili, ya kutombebea mtu mzigo wake pale uwanja wa ndege, hayo shangazi yako ameyamaliza. Amekuambia mpaka ukapiga miayo. Mimi sina maagizo. England sijafika, kutunza wazee wa kizungu sijui kunafanywaje, na baridi ninayoijua ni hii yetu ya Kabazi mwezi wa saba. Nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani tangu ukiwa chuo.

Na ninakuandikia kwa Kiswahili nikijua vizuri kwamba ulipata D ya Kiswahili ukaja nyumbani ukicheka. Ulisema Kiswahili kirefu kinakuuma kichwa. Haya, kikuume. Kiingereza chako mimi kimeniuma zaidi.

Unakumbuka vile TV iliingia hapa? Stima ilikuwa imefika tu, baba yako akauza ndama, na jioni hiyo hakuna aliyekumbuka kupika. Mwanzoni tulitazama vya kwetu, taarifa ya saa moja na vile vichekesho vya wazee wa kijiji. Halafu kaka yako Njoroge akaanza kuja na flash. Anashuka Subukia kwa duka ya movie, anajaziwa series, anarudi ameishika mkononi kama mtu ameleta nyama. Mkaanza kuweka ile ya familia yenye gereji, Wamarekani watupu, wanaongea kama wanakimbizwa. Kila mmoja wao akifungua mdomo nyinyi wawili mnaanguka kwenye kochi.

Baba yako alikuwa akiuliza. Unakumbuka? Alikuwa anakaa pale karibu na dirisha na kikombe chake, na mkicheka anauliza, "Wamesema nini?"

Njoroge anamwambia, "Ai baba, ukieleza inaharibika."

Wewe ulikuwa mdogo na ulikuwa na huruma, ukajaribu. "Amemwambia ati... si ati ni matusi. Ni kama kumwambia ni mjinga, lakini si mjinga hivyo."

"Sasa ni mjinga au si mjinga?"

Basi! Mkacheka mpaka Njoroge akashika tumbo, na safari hiyo hamkuwa mnacheka TV, mlikuwa mnamcheka yeye. Akauliza tena siku nyingine, na nyingine, akachekwa. Baadaye taarifa ikiisha akawa anainuka, anasema, "Wacha nikaangalie ng'ombe." Ng'ombe alikuwa ameshakamwa na kulala. Baba yako alikuwa anaenda kujifunika blanketi peke yake, na mpaka leo huwa anaenda kuangalia ng'ombe.

Mimi nikaona hayo yote nikiwa nimeshika sufuria. Nikajiambia, wee, mimi hawatanitoa kwa hii sebule. Watoto wangu wawili ndio hao, wamebakisha miaka kidogo waende zao, na mahali wanapatikana ni hapo mbele ya hiyo TV. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, Kiingereza cha ng'ombe yuko shambani na mama ameenda sokoni. Kile cha gereji sikushika hata kamba yake. Lakini kucheka najua. Nani hajui kucheka?

Kwanza kazi ilikuwa rahisi. Ile ya gereji ilikuwa na watu wanacheka humo ndani, wale hawaonekani. Wakicheka, nacheka. Mungu awabariki popote walipo, ndio walinifundisha. Lakini mlivyokua mkaanza kuleta zile hazina wa kucheka. Kimya tu. Mtu anasema kitu uso umekauka kama wa karani wa chifu, na wewe hapo unakufa kwa kicheko. Nikaona sasa nimekwama. Ndio nikaacha kuangalia TV nikaanza kukuangalia wewe.

Maitu, nakujua uso kuliko mtu yeyote atakayewahi kukuoa. Shavu lako la kushoto huinuka kidogo kabla kicheko hakijatoka. Mtu akifa kwenye picha hushika sikio. Wakibusiana hutazama simu. Nikiona shavu limeanza kupanda, natangulia. Siku moja nilicheka kabla yako, ukanigeukia macho yamekutoka, ukasema, "Mum ako rada! Njoro, umeona? Ameshika hiyo joke kabla yetu!" Nilifurahi, haki ya Mungu, nilifurahi kuliko siku niliyookoka. Ukaanza kuwaambia wenzako, mathe yangu si kama hao wenu, yeye anashika slang yote. Walipokuja hapa siku ile ya birthday yako walinisalimu, "Niaje mathe!" nami nikawajibu, "Poa sana!" mkapiga makofi. Hiyo poa peke yake ndiyo niliyokuwa nayo.

Mwalimu Tabitha, yule jirani wetu aliyestaafu, aliwahi kunikuta nikicheka nanyi, na mlipotoka akaniuliza, "Mama Njoroge, kwani unaelewa hiyo lugha? Mimi nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote na hapo sijaokota kitu." Nikamwambia naelewa kidogo kidogo. Hebu ona mtu. Mwalimu mzima anakubali hajui, na mimi wa darasa la nane naona haya. Ile methali ya kuuliza si ujinga niliikariri nikaandika kwenye mtihani nikapata maksi zote. Ilibaki kwenye mtihani.

Sasa shida ya kujifanya unaelewa ni kwamba watu huanza kukuongelesha. Ukawa unanihadithia mambo yako ya shule kwa hiyo lugha, nusu Sheng nusu ile ya TV, mbio mbio. Mimi nikawa na maneno yangu matatu. "Wee!" "Imagine!" "Eee, kabisa!" Nakwambia maneno hayo matatu yanaweza kumbeba mama mpaka mtoto amalize form four na aende chuo, na hakuna atakayejua. Ilimradi anamwona mtoto uso.

Halafu ukaenda chuo Nairobi, tukabaki na simu.

Mchana ule nilikuwa shamba la chini nikichuma minji. Ukanipigia. Hata nilishangaa, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa kuandika meseji. Ukaongea, maitu, ukaongea sana. Nilisikia jina la Chelagat, mwenzako wa chumba. Nilisikia mambo ya mtihani. Nilisikia mum, mum. Mengine yalipita kama lori la mawe kwenye barabara ya vumbi. Lakini ulikuwa unacheka. Kila ukimaliza sentensi unatoa kile kicheko kidogo cha puani, kama wale wa TV wakisema jambo baya hulimaliza kwa kucheka. Shavu lako silioni. Nilichokuwa nacho ni kicheko tu.

Nami nikacheka. Nikacheka kwa nguvu, ujue mama yako yuko rada. Nikasema, "Wee! Imagine!"

Nikasikia gari likipiga honi huko uliko. Halafu ukasema kwa Kiswahili, "Okay mum. Basi." Ukakata. Nikarudi kwa minji nikiwa na furaha kwamba mtoto amenikumbuka mchana wa kazi. Niliimba, maitu. Nataka ujue na hilo, kwamba niliimba.

Kesho yake Chelagat akatupigia tuje hospitali.

Hayo ya hospitali unayajua kuliko mimi na sitayarudia. Lakini kuna jambo hukuliona. Baba yako alikuwa ameenda kutafuta maji ya kunywa, nami nikabaki kwenye ile kolido na Chelagat. Msichana mpole yule, mtoto wa watu wa Rongai, ambaye siku zote alikuwa ananishika mkono kwa mikono miwili. Siku hiyo hakunishika. Alinitazama na macho yamevimba, akaniambia, "Lakini alikuambia, mum. Nilikuwa nimekaa hapo kwa kitanda akikupigia. Alikuambia halali, hakuli, ati ameona afadhali asiamke tena. Alikuwa anataka umwambie tu, rudi nyumbani. Na ukacheka. Nilikusikia ukicheka."

Ngai wangu! Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yenyewe ni machache: sikuelewa, mwanangu, sijui Kiingereza chenu. Hata mtoto wa nasari angeyasema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Nilidhani anatania."

Ulipoamka ukaniuliza wewe mwenyewe. Sauti yako ilikuwa imekauka. "Mum, kwani ulikuwa unacheka nini?" Nikakupa hilo hilo jibu. Nilidhani unatania. Ukageuka ukaangalia ukuta.

Basi ndiyo hiyo, nimeiandika. Miaka yote hii umeamini mama yako alisikia kwamba unakufa akaona ni mzaha. Na mimi nikakuacha uamini. Nilichagua unione mama asiye na roho kuliko unione mama asiyejua Kiingereza. Nilimwona baba yako akichekwa kwa sababu ya kuuliza, nikaapa mimi sitachekwa, na kiapo hicho karibu kikuzike. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi yangu, na ni wewe ulipelekwa hospitali.

Usidhani sikujaribu. Ulipopona ukarudi chuo, mchana nikiwa peke yangu nilikuwa nawasha TV, naweka zile series zenu zenye maandishi chini, nasoma na kidole. Nikampelekea Mwalimu Tabitha maneno mengine. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Mama Njoroge, hiki si Kiingereza. Hiki nusu ni matusi, na hiyo nusu ingine sitaki kujua." Kamusi yake ilikuwa na kila neno, na hakuna hata moja lilimaanisha kilichokuwa hapo. Nikajifunza machache hivyo hivyo. Nikakujaribishia moja ulipokuja Krismasi, ukatabasamu tu, ukasema, "Mum, hiyo ilikuwa ya kitambo." Neno likifika Kabazi limeshakufa kule lilikotoka. Nikaacha. Na hata ningejua yote, ungeniambia nini? Tangu hospitali wewe ni "niko sawa." Nikikuuliza kazi, niko sawa. Nikikuuliza umelia nini, nimeona macho, niko sawa mum. Hayo mawili nayaelewa vizuri, na hayana kitu ndani.

Na sasa unaenda mahali giza linaingia saa kumi jioni. Wewe ndiye uliyetusomea hivyo kwa simu, ukicheka puani, nami nikaona baba yako akikutazama. Ninajua unachoogopa. Ninajua kwamba kile kitu hakikuisha, kimelala tu, kwa sababu nakuona ukikaa pale nyuma ya banda la kuku ukidhani hakuna anayekuona. Kikiamka huko, ni nani atakuwa nawe? Nilikosa uso wako siku moja tu ya simu, nikakaribia kukupoteza. Huko sitakuwa na uso.

Sina somo kubwa. Nina hili dogo, kama litakusaidia kazini. Wale wazee wako, ukiona mmoja amecheka au ameitikia kwa haraka, hata hujamaliza sentensi, jua hajasikia. Usifurahi kwamba amekubali. Mkalie chini, mrudie polepole, na usimwonyeshe umegundua. Atakupenda mpaka afe. Na wewe nawe ukikaa na wenzako wa kazi, waseme kitu chao wacheke, na hukuelewa, usicheke. Uliza. Watakucheka kweli, baba yako alichekwa, lakini yeye angalau hakuna mtoto wake aliyemwambia jambo akalijibu vibaya. Naandika hivyo na najua utacheka tu pamoja nao. Wewe ni mtoto wangu. Hilo pia umelirithi.

Kuna kitu nataka kukuomba, na nakuomba bila matumaini mengi. Siku giza likikushika, nipigie. Niambie kwa hicho Kiswahili chako cha D, au kwa Kikuyu chako kilichovunjika, sitakusahihisha. Sema polepole. Na usicheke kabla hujamaliza, maitu, tafadhali, kwa sababu ukicheka mimi mwili wangu hucheka wenyewe, ndivyo nilivyouzoeza. Sema tu, mama, si sawa. Nitauza ng'ombe, nitauza na shamba la minji, nije nikuchukue, ingawa hata sijui mtu huanzia wapi kwenda huko.

Lakini nakujua. Hutapiga. Mtu aliyepiga mara moja akachekwa hapigi tena, hata baba yako mwishowe aliacha kuuliza. Na barua hii utasoma mistari ya kwanza, utasema nitaimalizia nikifika, na itakaa chini ya begi na ile mifuko ya mukimo wa viazi uliokaushwa na shangazi. Sikulaumu. Nimekucheleweshea mpaka siku ya mwisho jambo ambalo lingesemwa kwa pumzi moja pale kolidoni.

Nakuita maitu, mama kwa Kikuyu, kwa sababu una jina la mama yangu, na mtu huwa hamdanganyi mama yake. Mimi nilikudanganya.

Ni mimi, mama yako.

Nilikuwa nimemaliza hapo, lakini umerudi, tumekula, na kuna jambo la kuongeza kabla sijaitia ndani ya kiatu chako cha mvua.

Nywele zimekupendeza. Nilikuambia mezani, nakuambia tena. Baba yako alikutazama wakati wote wa taarifa, halafu akainuka kwenda kuangalia ng'ombe, na mlangoni akasimama kidogo kama mtu amesahau kitu, akaenda. Wewe ukachomeka flash. Ukasema, "Mum, ya mwisho mwisho, mimi na wewe." Nikaja nikakaa karibu nawe, bega kwa bega, na harufu ya mafuta mapya ya nywele.

Nikajiambia, barua hataisoma. Mwambie kwa mdomo. Anza na lile dogo, lile swali la baba yake, mengine yatafuata yenyewe.

Yule mwanamke kwenye picha akasema kitu. Shavu lako likapanda. Ukacheka. Mimi nikaubana mdomo wangu, maitu, nikaubana mpaka meno yakaniuma, na nikakuuliza, kwa mara ya kwanza tangu TV iingie nyumba hii, "Amesema nini?"

Uligeuka ukanitazama. Hukuharakisha. Nilifikiri, sasa ataona, sasa ananiona. Halafu ukanipigapiga goti taratibu, ukarudisha macho kwenye TV.

"Ah, mum," ukasema. "Wewe cheka tu. Si huwa unacheka tu."

Nikacheka.